Mahekalu Mawili Kabla ya Saa Sita

Nilimwambia Mabruki kabla hajawasha bajaji.

"Leo hakuna pole. Wageni hawajui na sitaki wajue. Mpaka saa sita mchana mimi ni mwongoza watalii tu. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mama Fideli," akasema, macho tayari yamemlowa.

"Na hayo macho yafute."

Akayafuta kwa mkono wa shati. Mabruki ni dereva mzuri, anajua kila shimo la Tabora, lakini hana kifua. Jambo likiingia kwake halilali. Ningempata dereva mwingine ningemchukua, ila huyu ndiye anayejua kuwasubiri wageni bila kupiga honi.

Mama Fideli. Mpaka juzi juzi watu wote waliniita Mama Niyo, kwa jina la mtoto wangu wa kwanza, Niyokwizera. Tuliporudi kutoka kumzika Ulyankulu, walibadilisha. Hawakuambizana. Jirani alianza, muuza genge akafuata, na Mabruki naye. Fideli ni wa pili, ana miaka sita. Ukimwita mama yake kwa jina lake anageuka kuona nani anamtaka. Sikumuuliza mtu kwa nini. Nilielewa kwamba walikuwa wanajaribu kunisaidia.

Nyumba yetu iko Mtendeni na ilikuwa imejaa. Shangazi na wifi kutoka Ulyankulu walilala sebuleni kwenye mikeka. Kila mgeni mpya alianza kulia akiwa getini, nami nilitakiwa nisimame, nikumbatiwe, niambiwe pole, nikae. Halafu anaingia mwingine. Mimi sikulia. Si kwamba nilikataa, hakuna kilichotoka. Mtu akinililia begani nilikuwa nawaza kama sahani zinatosha na nani amebaki na kifuniko cha sufuria kubwa. Watu walikuwa wananitazama usoni namna wakulima wa tumbaku wanavyotazama mawingu.

Asubuhi ile mama mkwe wangu, Esperansi, alinikuta mlangoni nafunga kamba za viatu.

"Unakwenda wapi na viatu hivyo?"

"Kazini, mama."

"Kazini." Alilitamka kana kwamba nimetukana. "Godeliva, kwetu mwenye msiba hagusi kazi mpaka siku ya kunawa, ya kumaliza matanga. Hata jembe tunalilaza. Wewe unakwenda kuwaonyesha Wazungu nyumba?"

"Si Wazungu. Mmoja Mhindi, mmoja Mngoni."

"Yesu wangu."

Mume wangu, Nsabimana, alikuwa ameegemea ukuta. Hakuinua kichwa. "Mwache, mama," akasema. "Aende apate hewa."

Sikuwa nakwenda kupata hewa. Hewa ilikuwepo hata uani. Nilikuwa nakwenda kupata nusu siku ambayo hakuna mtu angenitazama vile. Hilo tu. Mussa, tunayefanya naye kazi, alinipigia simu kusema atanishikia ziara hiyo, nikakataa. Nilitaka wageni wanaojua kwamba naitwa Godeliva, nina diploma ya utalii, na milango naifungua mimi. Basi.

Wageni walikuwa wamefikia hoteli ya karibu na stesheni. Urmi ni daktari wa meno, anaishi Dar es Salaam. Bibi yake aliolewa Tabora, katika hekalu la Wahindu, kabla familia haijahamia Mwanza. Mumewe, Xavery, ni mhandisi wa barabara, mtu wa Songea, mrefu, mwepesi wa maneno.

"Habari za asubuhi, dada Godeliva," Urmi akasema. "Habari za nyumbani?"

"Nzuri."

"Watoto hawajambo?" Xavery akaongeza.

"Hawajambo."

Nyuma yangu nikasikia Mabruki akikohoa. Nilimkanyaga mguu, tukapanda.

Wageni wengi wa Tabora wanataka kuona makumbusho ya Kwihara, wanunue asali, wapige picha stesheni, waondoke. Ziara ya mahekalu nimeitengeneza mwenyewe. Ni fupi, inaisha saa sita, na ina vituo viwili: chumba cha Budha kilicho nyuma ya duka la mzee Fakhrudin, na hekalu la Wahindu analolitunza Manjulaben. Njiani nikawaeleza ninachoeleza siku zote. Kwamba misafara ilitoka pwani ikipitia hapa kwenda Ujiji, na kila aliyepita akaacha watu. Waarabu wakaacha watu. Wahindi wakafuata na maduka. Kisha reli ikaja karibu na njia ileile, na reli nayo ikaleta watu wake, mpaka kutoka Ceylon.

"Kwa hiyo barabara ya kwanza ya huku ilijengwa kwa miguu," Xavery akasema.

"Na haikuwa na mashimo, mhandisi," Mabruki akamjibu, bajaji ikiruka.

"Haya, nimesikia! Hii si yangu, hii ni ya manispaa."

"Wote husema hivyo."

Urmi alicheka. Mimi pia nilitoa kicheko, kile cha kazini. Kilitoka bila shida. Nikaona kwamba ningeweza. Saa sita haikuwa mbali.

Kwa Fakhrudin nilikuwa nimepanga vizuri. Mzee huyu anauza vifaa vya ujenzi, na simenti ya kaburi tuliichukua kwake. Nilimtuma Mabruki ndani achukue ufunguo, sisi tuzunguke kwa mlango wa nyuma, tusionane na mzee. Lakini tulipofika uani Fakhrudin alikuwa ameshasimama pale na kofia yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu, ufunguo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama." Akanitazama. Akawatazama wageni. Fakhrudin si mjinga, ameuza katika duka moja miaka yote hiyo kwa kusoma nyuso. Lakini pia ni mtu wa adabu za zamani, na kukutana na mfiwa bila kusema lolote kwake ni kama kumpita bila salamu. Alihangaika. Mwishowe akasema, "Ile simenti, mama. Ilitosha?"

"Ilitosha."

"Na vigae vile vyeupe?"

"Vilitosha, mzee. Asante."

"Kama kuna chochote kimepungua, usilete mtu. Nitaleta mwenyewe."

Akanipa ufunguo kwa mikono miwili, akarudi dukani kabla sijamjibu.

"Unajenga, dada?" Xavery akauliza kwa furaha ya mtu aliyepata mazungumzo ya fani yake.

"Ndiyo."

"Vyumba vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja tu? Hapana, usijifunge. Anza na kimoja lakini msingi uache nafasi ya kuongeza. Wapi, hapa mjini?"

"Ulyankulu. Kwa wakwe."

"Basi udongo wa kule nafikiri ni mzuri. Na dirisha uweke kubwa, dada. Mafundi wetu wanapenda kutengeneza madirisha kama ya selo. Weka kubwa, mwanga uingie."

"Nitawaambia."

Mabruki alikuwa ametugeuzia mgongo. Mabega yake yalikuwa yanakwenda juu na chini. Nikafungua mlango haraka.

Chumba cha Budha ni kidogo. Alikijenga fundi wa simu za reli, mtu wa Ceylon, kwa ajili yake na wenzake wachache. Walipoondoka, baba yake Fakhrudin alinunua kiwanja kwa ahadi kwamba chumba hakitavunjwa wala hakitawekwa bidhaa, na Fakhrudin, Mwislamu wa kuswali, anakifagia mwenyewe kila wiki na hajawahi kuweka humo hata mfuko mmoja wa misumari. Watu wanapenda kusikia hilo. Ndani kuna sanamu ya jiwe jeupe, Budha amekaa, kiganja kimoja kimegusa ardhi. Ukutani kuna maua ya rangi yaliyochorwa na mtu asiyejua kuchora lakini mwenye subira.

Nikaeleza. Kiganja kinagusa ardhi kuifanya iwe shahidi. Macho hayajafumba, yameinama tu. Wabudha wanafundisha kwamba kila kilichozaliwa kinaondoka, na maumivu yetu yanatokana na kung'ang'ania. Hayo nimeyasema kwa Wajapani, kwa watoto wa sekondari, kwa mapadri. Siku hiyo yalitoka sawasawa kama siku nyingine. Nilikuwa nimesimama hapo nikisikiliza sauti yangu, na niliona ni sauti nzuri, haikukwama popote.

"Wewe unaonaje, dada?" Urmi akauliza. "Hilo la kutong'ang'ania."

"Mimi Mkatoliki."

"Hilo si jibu," mumewe akasema.

"Ndilo ninalotoa nikiulizwa."

Wakacheka. Nikafunga mlango, nikamwachia ufunguo kijana wa duka, tukaondoka. Njia nzima Xavery alinielekeza namna ya kukagua tofali: ligonge kwa lingine, usikilize mlio. Alisema fundi akianza kuomba pesa ya lenta, ile zege ya juu ya madirisha, kabla ya msingi kukauka nimfukuze. Nilimjibu kila alipotaka kujibiwa. Nilishasema chumba, sasa chumba kilikuwa kinapata kuta, mlango, bati. Urmi akashauri ukuta wa kijani chepesi. Nikasema kijani chepesi kitapendeza.

Hekalu la Wahindu liko ndani ya uzio mrefu na kwa nje huwezi kujua. Ukiingia getini kuna uwanja wa saruji, ngazi chache, baraza, kengele ya shaba inayoning'inia, kisha ukumbi. Mwisho wa ukumbi kuna milango midogo ya mbao iliyopambwa fedha, na nyuma yake ndipo walipo Radha na Krishna. Familia zilizobaki hazijazi hata nusu ya ukumbi. Kuhani anakuja wakati wa sikukuu. Siku nyingine zote yupo Manjulaben, mama mtu mzima aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, ambaye magoti yameanza kumkatalia ngazi za ndani.

Kwa hiyo milango ile ninaifungua mimi. Alinitazama karibu mwaka mzima kabla hajaniruhusu. Alinifundisha kunawa kwanza, kufunika kichwa, kuanza na mlango wa kulia, kutogeuza mgongo. Watoto wa wenye maduka, Wahindu wenzake, hawaachii wafungue kwa sababu anasema wanakuja wamekula chipsi na mikono yao ina mafuta. Mimi ananiachia.

Urmi alinisogelea. Akaniambia, "Bibi amenituma jambo moja. Anasema Krishna wa hapa anatabasamu upande mmoja tu wa mdomo. Siku ya harusi aliogopa sana, akamtazama, akaona kama anamcheka. Anataka nimwambie kama ni kweli au aliota."

"Utamwona sasa hivi," nikasema.

Tukasimama chini ya ngazi, na hapo huwa natoa masharti. Nimeyatoa mara nyingi mno, mdomo unayajua kuliko kichwa. Viatu vinabaki chini. Mkanda wa ngozi na pochi ya ngozi vinabaki na dereva. Kichwa kifunikwe. Picha hakuna ndani. Mwanamke aliye katika siku zake anabaki barazani. Na aliyefiwa na mtu wa nyumbani mwake haingii mpaka siku za msiba wake ziishe.

"Hata kama si Mhindu?" Xavery akauliza, anavua mkanda.

Kuna mgeni huuliza hivyo kila mara, na jibu langu lipo tayari. "Mlango hauulizi dini yako," nikasema. "Ukienda kwa watu unafuata ya watu."

Nikainama kuvua kiatu. Nilikuwa nimevua kimoja ndipo nikasikia nilichosema.

Mpaka dakika ile sikuwa nimefikiria. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu Esperansi baadaye hakuamini. Niliwaza Fakhrudin na simenti, niliwaza Mabruki na machozi yake, niliwaza majirani watakaotuona njiani. Hili la mlango, ninalolisema mimi mwenyewe kila wiki, halikunijia. Lilikuwa la wageni.

"Mama Niyo!" Manjulaben aliita kutoka barazani. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, anatunga maua ya njano kwenye uzi. Hakuwa amesikia. Yeye hatoki, na mazishi yalikuwa mbali. "Karibu, mwanangu. Mbona umechelewa kupanda? Njoo ufungue, magoti yangu leo yamekuwa mawe."

Jina hilo sikuwa nimelisikia tangu Ulyankulu.

"Shikamoo, Manjulaben."

"Marahaba, marahaba. Hawa ndio wageni? Karibuni. Panda basi, unasubiri nini?"

Nilisimama na kiatu kimoja mguuni. Saruji ilikuwa imeanza kuwa moto. Nilifanya hesabu kama ninavyofanya hesabu ya jambo lolote. Nikipanda, nikanawa, nikafungua, hakuna atakayejua. Mabruki anajua, lakini Mabruki hajui masharti. Urmi angeona uso aliotumwa kuutazama. Manjulaben angefurahi. Saa sita ingefika, ningerudi nyumbani nikiwa nimeipata nusu siku yangu nzima. Kitakachoharibika ni kitu ambacho mimi sikiamini.

Lakini yeye anakiamini. Na milango alinikabidhi yeye.

"Siingii leo," nikasema.

"Huingii?" Manjulaben akaweka maua mapajani. Alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ule mguu mmoja mtupu, kisha akashusha sauti ingawa Xavery alikuwa amesimama palepale. "Uko kwenye siku zako? Si useme tu, mwanangu. Kaa hapa kivulini, si kosa."

Alikuwa amenipa mlango wa kutokea. Neno moja tu, ndiyo, na kila kitu kingekaa mahali pake. Xavery alikuwa anatazama juu kwenye paa kwa heshima, kama wanaume wanavyofanya. Nilifungua mdomo niseme ndiyo. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeshasema hawajambo. Nilikuwa nimeshasema chumba kimoja. Tulikuwa tumekipaka kijani chepesi.

"Hapana," nikasema. "Nimefiwa. Niyokwizera amefariki."

Nje ya uzio pikipiki ilipita.

"Niyo yupi?" Manjulaben akauliza. "Yule anayegonga kengele mpaka mungu anachoka?"

"Huyo."

"Lini?"

Nikamwambia siku. Akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti, kisha akatikisa kichwa. "Bado," akasema. "Umefanya vizuri kusema. Bado kabisa."

Hakusema pole. Aliinuka kwa kushika ukuta. Akashuka ngazi, moja, akapumzika, nyingine, akapumzika, huku akilaani magoti kwa Kigujarati. Urmi alikwenda kumshika akakataa. Alipofika chini aliketi kwenye ngazi ya mwisho, akanivuta mkono nikae karibu yake, akaushika mkono wangu wote mpaka kiwiko, akauweka mapajani mwake juu ya maua.

"Manjulaben," nikasema, "usiniguse. Itabidi uoge."

"Ndiyo. Sasa hata mimi siingii mpaka nioge."

"Maji leo yamekatika mtaa mzima."

"Basi tutakaa nje." Akaangalia mbele. "Palepale, alipokuwa bado mfupi, alikuwa anasimama kwenye ncha za vidole kuifikia ile kamba. Nikimwambia mara moja inatosha, ananiambia, bibi, labda amelala."

Nilihisi uzito wa mkono wake, na joto lake, na kwamba maua yalikuwa mabichi. Hayo niliyahisi. Mengine hayakuja. Nilikuwa nayasubiri, na hayakuja, na yeye hakunitazama usoni kuangalia kama yamekuja.

Getini kukasikika sauti ya ajabu, kama mlango mkavu. Ni Mabruki. Alikuwa ameshika pochi na mkanda wa Xavery kifuani, analia waziwazi.

"Pole, Mama Niyo," akasema. "Pole jamani. Pole."

"Saa sita bado, Mabruki."

"Najua. Nimeshindwa. Toka asubuhi nimeshindwa."

Xavery alikuwa bado amesimama na miguu mitupu kwenye saruji ya moto, wala hakuonekana kuisikia. "Dada," akasema. "Ile simenti."

"Ndiyo."

"Nimekuambia uweke dirisha kubwa."

"Hukujua. Na ulikuwa ushauri mzuri."

Akafunika uso kwa kiganja. Urmi alimsogelea mumewe akamsukuma taratibu mpaka kwenye kivuli asiungue miguu.

Kulikuwa na kazi haijaisha. Nilimwambia Urmi, "Panda wewe. Utafungua mwenyewe."

"Mimi? Sijawahi. Sijui hata nianzie wapi. Nimeolewa na huyu, sijui kama..." Akamtazama Manjulaben.

"Umekula nyama asubuhi?" Manjulaben akamuuliza.

"Hapana. Chai na mkate."

"Umefiwa?"

"Hapana."

"Basi nenda. Huyo wa Songea naye aende, akae nyuma, asiguse kitu. Godeliva atakuelekeza. Anajua kuliko wewe."

Nikamwelekeza. Kutoka pale ngazini ukumbi wote unaonekana mpaka mwisho, ila lazima upaze sauti kidogo. Nilimwambia anawe kwenye chombo cha shaba kilicho kushoto, kina maji ya jana. Nilimwambia apite pembeni ya zulia, si katikati. Lakini kabla ya hapo agonge kengele mara moja. Aligonga kidogo mno, Manjulaben akapiga kelele, "Hiyo hata mimi sijaisikia!" akagonga tena. Nilimwambia kuna komeo dogo chini, mlango wa kulia, asivute, anyanyue kwanza ndipo asukume. Limelegea, mbao imevimba tangu masika. Akanyanyua. Halikukubali. "Nyanyua kama unanyanyua mtoto," nikasema. "Chini ya kwapa." Likakubali.

Kisha mlango wa kushoto. Kisha pazia.

Alisimama pale kwa muda. Mumewe nyuma yake alikuwa ameinamisha kichwa, mikono ameifunga mbele kama yuko kanisani kwao. Mimi kutoka nilipokaa sikuwaona Radha na Krishna, nguzo ilinizuia. Niliona taa tu na mgongo wa Urmi.

"Anatabasamu upande mmoja!" akasema kwa sauti bila kugeuka. "Wa kushoto. Kama mtu aliyejua siri yako."

"Mwambie bibi yako hakuota," nikamjibu.

Walipotoka walikuja kukaa nasi kwenye ngazi. Mabruki akasogea, akamrudishia Xavery mkanda wake, akachuchumaa chini ya ukuta. Manjulaben alikuwa ameanza tena kutunga maua kwa mkono mmoja, maana ule mwingine bado alikuwa amenishika. Nilitazama simu. Kulikuwa na ujumbe wa Nsabimana akiuliza kama nitakula huko. Saa sita haikuwa imefika.

"Ziara imeisha?" Urmi akauliza.

"Vituo vimeisha. Muda bado kidogo. Mnaweza kuuliza maswali."

Huwa nasema hivyo mwishoni. Xavery alimtazama mkewe. Urmi alisafisha koo.

"Basi tueleze habari zake," akasema. "Kama ulivyotueleza hizi nyumba."

Nilifikiri kidogo niseme hapana. Lakini alikuwa ameuliza vizuri, na mgeni akiuliza vizuri anajibiwa. Nikawaeleza. Alizaliwa Ulyankulu, kijijini kwa babu yake, mvua za kwanza, mkunga akichelewa kwa sababu ya mto. Jina lake ni la Kirundi, alipewa na babu. Aligundulika kuwa na selimundu akiwa hajaanza kutembea. Darasa la kwanza mpaka la saba alisoma hapa mjini, na alikosa siku nyingi za shule kwa sababu ya maumivu ya mifupa, lakini hesabu zake zilikuwa nzuri na mwandiko ulikuwa mbaya. Alikuwa mrefu kuliko mimi kidogo. Alikuwa mkaidi. Alikula mahindi ya kuchoma yaliyoungua, yasiyoungua aliyakataa. Alimfundisha mdogo wake kupiga mluzi na nyumba yetu haijatulia tangu hapo. Mara ya mwisho maumivu yalipomshika, hayakuachia. Kaburi lina vigae vyeupe na linatazama mashariki.

Sauti ilitoka ile ile ya kazini. Haikukwama. Niliruka mambo machache, nikarudi kuyasahihisha. Manjulaben aliongeza habari za kengele. Mabruki aliongeza kwamba siku moja alimpakia bajaji akakataa kukaa nyuma, akataka mbele, akataka kushika usukani.

"Alitaka kuwa nani?" Xavery akauliza. Aliuliza taratibu, kama anagonga tofali.

"Kila wiki alikuwa na kazi mpya. Ya mwisho ilikuwa kuendesha treni. Ya mizigo, si ya abiria."

"Kwa nini ya mizigo?"

"Alisema mizigo haikuulizi tutafika lini."

Kicheko kilimtoka Xavery kabla hajakizuia. Akaziba mdomo, akanitazama kwa hofu.

"Cheka," nikamwambia. "Hata mimi alipolisema nilicheka."